Sura ya Nne: Anza na Mirathi

Tarehe 1 Julai 1837 serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha kila mtoto aliyezaliwa, kila ndoa iliyofungwa na kila mtu aliyefariki katika England na Wales. Matunda yake yanaonekana leo: mjukuu wa mchimba makaa hufungua tovuti ya bure kama FreeBMD, akaandika jina la babu, na papo hapo akaoneshwa mwaka, robo ya mwaka na wilaya. Mombasa, mwaka huo huo, Seyyid Said bin Sultan aliwang'oa Mazrui Ngomeni baada ya karibu karne moja ya utawala wao, na katika mitaa ya Mjua Kale na Kibokoni hapakupita karani akiuliza nani kajifungua na nani kafariki. Pengo hilo ndilo linalomvunja moyo mtu wa Mji wa Kale anayeketi mbele ya kompyuta akitumai kuupata ukoo wake kwa njia wanayoutafutia Waingereza. Ataandika jina la babu yake, ataongeza neno Mombasa, na atakacholetewa ni mmishonari, nahodha wa manowari na mhandisi wa reli. Wengi huishia hapo wakasema sisi hatukuandikwa. Dai la sura hii ni kwamba tuliandikwa, tena vizuri kuliko tunavyodhani, ila kwa wakati mwingine na kwa sababu nyingine. Mwingereza aliandikwa alipozaliwa. Mtu wa Mombasa aliandikwa alipokufa akaacha kitu cha kugawanywa, na anayetaka kumpata hana budi kuanzia hapo.

Tutazame kwanza sheria, maana ndizo zilizoamua nani aingie daftarini. Uandikishaji wa vizazi na vifo katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya ulianza 1904, na uliwahusu Wazungu na Wamarekani peke yao. Mwaka 1906 wakaongezwa watu wa asili ya Bara Hindi. Sheria kuu ya vizazi na vifo ilitungwa 1928, lakini kwa Waafrika ulazima wa kujiandikisha ulienezwa polepole, wilaya baada ya wilaya, kuanzia wakati wa uhuru, ukatimia nchi nzima 1971. Kwa hiyo wazee wengi wa Kiswahili, hata wakiwa na cheti cha kuzaliwa, walikipata ukubwani, kwa ajili ya pasipoti, kazi au kitambulisho, na siku iliyoandikwa humo ni makadirio ya mtu aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake. Cheti cha namna hiyo kinathibitisha kwamba mtu aliomba cheti. Ndoa zilikuwa na bahati kidogo: sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ilitungwa 1906 na ikadumu hadi Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoifuta, hivyo daftari za nikaha zipo kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo ndoa nyingi zilifungwa msikitini au nyumbani mbele ya walii na mashahidi, zikatimia kwa sheria za dini, na hakuna aliyeona haja ya kumfuata mwandikishaji.

Mirathi haikuruhusu uzembe huo. Ukanda wa pwani, kwa mkataba wa 1895, ulisimamiwa na Waingereza lakini ukabaki milki ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, na makadhi wakaendelea kuhukumu Waislamu katika ndoa, talaka na urithi. Sharia ya mirathi haiwezi kutumika bila orodha kamili ya warithi. Mke hupata thumni kama marehemu ameacha mtoto, na robo kama hakuacha. Mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mama ana fungu lake. Na penye nafasi ndugu, ami na watoto wa ami nao huingia. Kadhi akimsahau binti mmoja aliyeolewa Lamu, mafungu yote yamekwenda kombo na hukumu inaweza kutenguliwa. Ndiyo maana karatasi moja ya mirathi inakupa vizazi viwili, mara nyingi vitatu, pamoja na wake wote walio hai, watoto wa kila tumbo, na nani alifariki kabla ya nani. Hakuna cheti cha kuzaliwa duniani kinachobeba habari nyingi kiasi hicho. Na tazama jambo moja ambalo watafiti wa Ulaya wangelitamani: mwanamke wa Mombasa hapotezi jina kwa kuolewa. Yule wa Uingereza alipoolewa alichukua jina la mume, na wajukuu hutumia miaka kumtafuta alikuwa binti wa nani. Huku kwetu hubaki binti fulani bin fulani hadi kaburini, hata akiolewa mara nne, na karatasi ya mirathi humtaja hivyo hivyo.

Basi intaneti inaingia wapi? Daftari za kadhi wa Mombasa hazijafunguliwa mtandaoni zitafutike kwa jina kama zile za Uingereza. Kilichofunguliwa ni vivuli vyake, na kivuli kikubwa kuliko vyote ni Gazeti Rasmi la Serikali, Kenya Gazette. Lilianza 1899 kama gazeti rasmi la himaya za Afrika Mashariki na Uganda, siku ambazo utawala ulikuwa bado na makao Mombasa, na matoleo yake mengi sasa yamo kwenye Google Books, yanasomeka bure. Watu wengi hulijua kwa uteuzi wa mawaziri na uuzaji wa viwanja. Mtafutaji wa ukoo aende kwenye kurasa za nyuma, penye matangazo ya mali za marehemu. Tangazo la kawaida linataja jina la marehemu, alikokuwa akiishi, siku aliyofariki, na jina la anayeomba kusimamia mali, mara nyingi na uhusiano wao. Humo humo utakuta waliobadilisha majina kwa hati, waliopoteza hati za nyumba, makadhi na waandikishaji wa ndoa walioteuliwa. Mahali pa pili ni tovuti ya Kenya Law, inayotoa hukumu za mahakama bila malipo. Familia zilizogawana kwa amani hazimo. Zilizogombana zimo kwa urefu wa kupendeza, kwa sababu hakimu hawezi kuamua ugomvi wa nyumba ya Ndia Kuu au Kuze kabla ya kueleza nani alimzaa nani, na rufani za kutoka kwa kadhi hadi Mahakama Kuu mara nyingi hufungua kwa nasaba nzima. Ni furaha ya ajabu kidogo kushukuru kwamba mababu waligombana, lakini mtafiti hana sababu ya kuona haya.

Mahali pa tatu hapajafika mtandaoni sana, ila ukijua pana nini utajua cha kuomba. Mwaka 1908 serikali ya himaya ilitunga sheria ya hatimiliki za pwani: kila anayedai ardhi aje kwa Msajili aeleze madai yake, na ardhi isiyodaiwa iwe ya Taji. Watu wakaja. Kila mmoja alilazimika kusema kiwanja alikipata vipi, na jibu la wengi lilikuwa moja: nimerithi kwa fulani, naye alirithi kwa fulani. Wakfu nao una njia yake. Aliyeweka nyumba wakfu kwa msikiti au kwa kizazi chake alitaja wasimamizi na wanufaika, na Tume ya Wakfu, ambayo asili yake ni sheria ya 1900, bado iko Mombasa. Aliyeishi kabla ya 1895, hasa mwenye biashara au kesi upande wa Unguja, anafaa kutafutwa pia kwenye nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani, maana kisiwa cha Mombasa kilikuwa chini ya serikali hiyo moja. Kwa kifupi, fuata nyumba. Mtu anaweza kukosa siku ya kuzaliwa, lakini ukuta wa matumbawe wenye mlango wa kuchongwa huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa na aliyemrithisha.

Kuna ufundi mdogo wa kutafuta ambao lazima ujulikane, vinginevyo mtu atakosa kilichopo. Makarani wa Kiingereza waliandika kwa masikio yao. Athman yule yule ni Athumani, Othman na Uthman. Khamis ni Hamisi. Shee ni Sheikh na Shehe. Al-Mandhry atakuja kama el Mandri. Neno bin limefupishwa kuwa b., na binti kuwa bte au bt. Kompyuta iliyosoma ukurasa uliofifia huongeza makosa yake juu ya ya karani. Usiandike jina zima. Andika jina la baba na mtaa, au kabila na mwaka, kisha badilisha herufi moja moja. Tarehe nazo zinataka subira. Hati ya Kiarabu itasema Rabiul Awwal, bibi atasema Mfungo Sita, na wote wawili wanasema mwezi mmoja, kwa kuwa hesabu ya Waswahili huanza na Shawwal kama Mfungo Mosi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa Miladia, hivyo mwaka 1318 ulianzia Mei 1900 na kuishia Aprili 1901. Ukipata mwaka bila mwezi, andika miaka yote miwili. Na kumbuka kwamba usiku wa Ijumaa kwa wenyeji ni ule unaofuata machweo ya Alhamisi. Tofauti ya siku moja kati ya kumbukumbu ya nyumbani na cheti cha kifo si ushahidi wa watu wawili.

Wapo watakaosema kazi yote hii ni ya bure, kwa sababu koo kubwa za Mombasa zina shajara zao za nasaba tangu hapo, zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu na kutunzwa sandukuni. Hoja hii ina uzito. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947, aliandika historia ya ukoo wake wa watawala wa Mombasa, na kazi hiyo imechapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Hakuna tovuti inayoweza kuizidi kwa ukoo huo. Lakini shajara na mirathi zinajibu maswali tofauti. Shajara hupanda kwa baba hadi babu hadi aliyevuka bahari, na njiani humwacha mama, dada, na mara nyingi suria aliyezaa nusu ya watoto waliotajwa. Kwamba hasara hiyo ni kubwa imethibitishwa na ushahidi usio wa karatasi kabisa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na jirani yake kati ya takriban 1250 na 1800, ikiwamo Mtwapa, hapo kaskazini mwa kisiwa. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, na ilipitia hasa kwa wanawake; sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, na ilipitia hasa kwa wanaume. Shajara inayohesabu wanaume pekee, basi, imeweka kumbukumbu ya upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili unatajwa kwa jina mahali pamoja tu palipokuwa na sababu ya fedha kuutaja, napo ni kwenye mirathi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: aliyekuwa hana kitu je? Mtumwa, hamali wa bandarini, mtoto wa kulea? Ni kweli kwamba kufuata mali ni kufuata waliobarikiwa nayo, na sitaki kulipunguza jambo hili. Lakini watumwa na walioachwa huru hawakukosa kabisa maandishi. Sharia ilimpa bwana aliyemwacha mtumwa huru haki ya urithi pale huru huyo alipokufa bila warithi wa damu, kwa hiyo aliyekuwa mtumwa akajenga kibanda chake angeweza kufika mbele ya kadhi kama marehemu mwenye jina. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika himaya mwaka 1907, na kufutwa huko kulileta madai ya fidia ya mabwana, yaani orodha. Kabla ya hapo, tarehe 1 Januari 1889, Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Waingereza iliwapa vyeti vya uhuru watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Ng'ambo ya mkono wa bahari, Frere Town, misheni ya CMS (Church Missionary Society) ilianzisha mwaka 1875 makazi ya watu waliookolewa majahazini, na wamishonari waliandika ubatizo, ndoa na mazishi kwa bidii ambayo serikali haikuwa nayo. Nyaraka za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na sehemu ya orodha zake inaweza kutafutwa mtandaoni. Mtu wa Kisauni mwenye babu wa Frere Town anaweza kwenda nyuma zaidi kwa karatasi kuliko jirani yake mwungwana wa Mjua Kale. Hiyo ni kinaya ambayo Mji wa Kale bado haujaizoea.

Walio maskini zaidi wa kumbukumbu wako kwingine. Ukitafuta makaburi ya Mbaraki kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, utapata wanajeshi kwa jina, cheo na siku. Tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Wengi ni wapagazi. Hao hawakuacha nyumba, hawakubatizwa, na aliyewachukua hakujali kuwaandika mahali pa kudumu. Njia ninayoipendekeza haiwafikii, na ni heri kulisema wazi kuliko kuuza matumaini.

Hata kilichoandikwa kinataka kusomwa kwa jicho kali. Kabila lililotajwa kwenye karatasi ya kikoloni lilikuwa jambo la kodi na haki kabla halijawa la damu. Waarabu wa pwani walipewa uwakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria huku Waswahili wa Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, wakiwekwa kwenye fungu la wenyeji, na mwaka 1927 viongozi wao wakaunda Afro-Asian Association kupigania hadhi yao. Katika hali hiyo mtu mmoja angeweza kuwa Mkilindini kwenye nikaha yake, Mswahili kwenye daftari ya kodi, na Mwarabu kwenye ombi lake kwa serikali, na ndugu wawili wa baba na mama mmoja wakaandikwa makabila mawili. Tafuta jina, baba na nyumba. Kabila liandike pembeni kwa penseli. Ushauri huu unawahusu pia jamaa walioko Muscat, ambao baada ya 1970 wengi wao walihitaji kuthibitisha asili ya Kiomani. Nasaba iliyoandaliwa kwa ajili ya ombi husisitiza kile mwombwaji anachotaka kusikia.

Mwisho kuna wanaoogopa, nao wana sababu. Kuweka mirathi hadharani kunaweza kuchokoza kesi za ardhi zilizolala, kufichua asili ya utumwa ambayo familia imeinyamazia, au kumpa tapeli jina la bibi na siku ya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda walio hai, na ni sawa kwamba eCitizen hukupa cheti chako bila kukuruhusu kupekua vya wengine. Lakini siri imekuwa na gharama isiyo sawa. Kwa miaka mingi vijana wa pwani walioomba kitambulisho waliitishwa mbele ya kamati wakatakiwa kuonesha hati za babu zao, huku hati hizo zikiwa zimefungiwa kwenye kabati za serikali iliyokuwa ikiziitisha. Daftari za nikaha na mirathi zilizopita miaka 100 hazimfichui aliye hai, na hakuna sababu ya kutozipiga picha na kuzifanyia faharasa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza na inasomwa popote duniani. Karatasi za kadhi wa Mombasa si dhaifu wala si takatifu kuliko hizo.

Hadi hilo litokee, tovuti itakupeleka mlangoni na miguu itamaliza. Kabla ya kwenda mahakama ya kadhi, kusanya kwanza yaliyomo nyumbani: hati za nyumba, risiti za kodi ya ardhi, barua za wakili, karatasi za talaka. Nenda na jina la marehemu kwa tahajia tatu au nne, mwaka wa kifo kwa hesabu zote mbili, mtaa wa nyumba, na jina la mrithi mmoja unayemjua kwa hakika. Uliza faili ya mirathi, usiulize ukoo. Karani hawezi kukutafutia ukoo. Na kama marehemu wako alifariki katika miaka ya 1980, usirudi mikono mitupu kwa kuikosa kwa kadhi. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981 kwa raia wote, na Waislamu walitolewa humo kwa marekebisho ya 1990. Mirathi nyingine za miaka hiyo tisa zilifunguliwa Mahakama Kuu ya Mombasa, na matangazo yake yamo kwenye Kenya Gazette.